"Ndiyo" ya adabu haipunguzi pombe

Siku ya kwanza ya mafunzo ya wahudumu wa afya, ya namna ya kuzungumza na mnywaji kuhusu pombe, huwa tunaanza na igizo dhima, kabla hatujafundisha lolote. Mshiriki mmoja anakuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mwingine anakuwa baba wa miaka 45 anayetumia dawa za kifua kikuu, na bado kila jioni anapita kilabuni. Wanapewa dakika 5. Karibu kila mara mhudumu anazimaliza zote yeye: pombe inaharibu ini, pombe inamaliza hela, watoto wanakutazama, baba, acha. "Mteja" anaitikia: ndiyo, ndiyo, nimekuelewa mwanangu. Darasa linapiga makofi. Kisha namgeukia yule aliyeigiza mteja na kumuuliza, jioni hii unapita wapi? Anacheka. "Kilabuni."

Ile ndiyo tumeipa jina: ndiyo ya adabu. Mgeni akija nyumbani humkatalii usoni, hasa akiwa amebeba daftari la zahanati. Unamwitikia mpaka amalize aende zake. Naye mhudumu anaandika kwenye rejesta yake "elimu imetolewa", na kweli imetolewa. Ila mteja alijua tangu zamani kwamba pombe nyingi inadhuru. Sijawahi kukutana na mnywaji asiyelijua hilo.

Naandika haya kwa sababu wahudumu hawa sasa ni wengi na wanazidi kuongezeka. Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango jumuishi unaolenga kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 katika miaka mitano, waliopitia mafunzo ya miezi sita, kwenye vijiji na mitaa yote. Kenya nako, Septemba 2023, wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 walianza kukabidhiwa mikoba ya vifaa. Hawa ndio wanaoingia ndani ya kaya, wanaojua nani anakohoa na nani hajarudi kliniki. Wakifundishwa kuzungumza vizuri kwa dakika chache, watawafikia watu ambao daktari hatawaona mpaka waletwe kwa machela.

Mazungumzo ya aina hiyo wataalamu huyaita afua fupi. Ni ya dakika 5 hadi 20, mara moja au mara chache, na mtu ambaye hajafika mahali pa kuhitaji matibabu ya uraibu lakini unywaji wake umeanza kumgharimu. Si jambo jipya. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza AUDIT, dodoso la kupima unywaji wa mtu kwa alama, miaka ya 1980, Kenya ilikuwa moja ya nchi sita lilikojaribiwa. Baadaye Kenya na Zimbabwe zilikuwa miongoni mwa nchi zilizoshiriki utafiti uliochapishwa mwaka 1996. Wanaume waliopewa ushauri mfupi walikuwa wakinywa kwa siku, kwa wastani, pungufu kwa takriban asilimia 17 kuliko wale ambao hawakupewa. Cha kushangaza zaidi, dakika 5 za ushauri wa kawaida zilifanya kazi sawa na dakika 20 za unasihi. Kwa hiyo mhudumu anayeniambia hana muda kwa sababu ana kaya nyingi, namjibu kwamba dakika 5 zinatosha, ila asizitumie zote kuongea.

Wapo wanaouliza kama kazi hii si ya wanasaikolojia. Huko Goa, India, vijana wa kawaida wasio na taaluma ya afya walifundishwa kuwashauri wanaume waliokuwa na alama 12 hadi 19 za AUDIT, kwa vikao visivyozidi vinne. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: asilimia 36 ya walioshauriwa walikuwa wametoka kwenye unywaji wa madhara, dhidi ya asilimia 26 ya waliopata huduma ya kawaida. Si muujiza. Wengi waliendelea kunywa, na mkufunzi anayewaahidi washiriki wake makubwa kuliko hayo anawaandalia kukata tamaa.

Dodoso lenyewe lina maswali 10. Matatu ya kwanza yanahusu kiasi, matatu yanayofuata yanahusu dalili za utegemezi, na manne ya mwisho madhara. Alama ni 0 hadi 40. Mwenye chini ya 8 anapewa elimu na pongezi. Wa 8 hadi 15 anapewa ushauri mfupi, wa 16 hadi 19 anapewa ushauri na kufuatiliwa kwa karibu, na wa 20 kwenda juu anapewa rufaa. Kujumlisha washiriki wanakujua baada ya saa moja. Kinachotutesa ni swali la pili, la kiasi.

Dodoso linahesabu vipimo, kila kimoja gramu 10 za kilevi halisi. Chukua chupa ya bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5: ndani yake kuna mililita 25 za kilevi, yaani takriban gramu 20. Hivyo ni vipimo viwili. Mtu akisema "mbili tu", ameshakunywa vinne. Kichupa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35 kina vipimo karibu sita. Mpaka hapo ni hesabu ya darasa la tano. Sasa njoo kwenye pombe za kienyeji: mbege, ulanzi, komoni, rubisi, mnazi. Hakuna lebo. Nguvu ya leo si ya kesho, maana pombe inaendelea kuchacha, na ulanzi wa asubuhi si ule wa jioni. Pia hainywewi kwa chupa: inanywewa kwa kata, kwa kibuyu, kwa kopo, na kata moja inazunguka watu wanne. Ukimuuliza mzee wa Kilimanjaro "unakunywa vipimo vingapi" atakuangalia kama umepotea njia.

Tunachofanya ni kuwatuma washiriki kwenye vilabu vya eneo lao na chupa tupu ya lita, wapime chombo kinachotumika pale, kisha kila mmoja achore chati yake. Kata hii ni mililita ngapi, kopo lile ni ngapi. Kwa pombe ya kienyeji tunakadiria asilimia 5 na kukubali kwamba ni makadirio. Kwa kadirio hilo lita moja ni vipimo vinne. Pia hawaulizi "unakunywa kiasi gani?" bali "jana ulikaa na nani, mliagiza nini, iliisha saa ngapi?" Mtu anakumbuka jioni yake vizuri zaidi kuliko idadi. Gongo ni suala lake peke yake: haina kipimo chochote cha kuaminika, ni haramu kisheria, na mteja hataitaja mpaka awe na hakika kwamba hukuja kumchongea. (Tumewahi kupata mshiriki aliyekuwa akiipika. Ndiye aliyetufundisha kuuliza.)

Baada ya kupima ndipo yanakuja mazungumzo. Msingi wake ni mbinu ambayo mwanasaikolojia wa Marekani William R. Miller aliieleza mwaka 1983, ya kumsaidia mtu ajisikie akisema mwenyewe sababu zake za kubadilika. Darasani tunarudia igizo lile lile la baba wa kifua kikuu, safari hii likienda hivi:

— Shikamoo baba.

— Marahaba mwanangu, karibu.

— Starehe. Baba, nikimaliza kuhesabu dawa zako, ningeomba tuzungumze kidogo kuhusu pombe, kama hutajali.

— Pombe tena! Haya, sema.

— Mimi nataka kusikia kwako. Ukipita pale jioni, unapata nini?

— Pale ndipo walipo wenzangu. Nikibaki hapa nawaza tu.

— Kumbe ni wenzako, kuliko hata pombe yenyewe.

— Ndiyo. Ila zile dawa asubuhi zinanikataa. Natapika.

— Ukinywa jioni, dawa asubuhi hazikai.

— Hazikai. Na mama watoto akiniona natapika, hasemi kitu. Ananyamaza tu.

Tazama "ndiyo" iliyo humo. Imefuatwa na "ila", na nyuma ya "ila" kuna habari ambayo mhudumu hakuiuliza. Alichofanya ni kumrudishia baba maneno yake kisha kunyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Tuna zoezi la wawili wawili ambalo msikilizaji anakatazwa kushauri kwa dakika 3, na nimeona wauguzi wenye uzoefu wa miaka mingi wakiuma midomo. Tumelelewa kwamba mwenye elimu akikaa kimya ameshindwa kazi.

Kinachofuata ni mizani. Mhudumu anampa baba punje 10 za mahindi: kama kupunguza pombe kuna maana sana kwako weka zote 10, kama hakuna maana usiweke hata moja. Baba anaweka 6. Ulimi wa kila mshiriki unawashwa kuuliza kwa nini si 10. Ukiuliza hivyo, baba atajitetea: kazi ngumu, mawazo, marafiki. Uliza kinyume chake: "Mbona 6, baba, hukuweka 3?" Ili ajibu itabidi ataje sababu za kupunguza, kwa kinywa chake. Hapo ndipo mhudumu anaweza kuongeza neno lake fupi, tena kwa ruhusa: dawa za kifua kikuu, hasa isoniazidi, zikikutana na pombe nyingi ini linakuwa hatarini zaidi, na akiona macho yamekuwa ya njano au mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi awahi kituoni siku hiyo hiyo. Halafu: "Wewe mwenyewe unaona uanzie wapi?" Akisema atapita kilabuni Jumamosi na Jumapili tu, hilo ndilo linaloandikwa. Mhudumu aliyetaka aache kabisa ameze mate.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo hatumwachii mtu aamue kwa hisia, na washiriki hawatoki darasani bila kulijua kwa moyo. Mtu anayekunywa sana kila siku, anayehitaji kuzimua asubuhi ndipo mikono itulie, asiambiwe aache ghafla peke yake nyumbani. Ndani ya saa 6 hadi 24 anaweza kuanza kutetemeka, kutoka jasho na kutapika. Katika siku mbili za kwanza anaweza kupata degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, wakaona au kusikia visivyokuwepo, na hali hiyo inaua. Familia ikiona mtu anaongea na ukuta itasema karogwa au kapandwa na mashetani, itampeleka kwa mganga, na saa zitapita. Kumbe hospitalini kuna dawa za kumvusha salama. Kwa hiyo swali la kuzimua haliachwi hata kama mteja ana haraka, na akijibu ndiyo, mazungumzo yanageuka kuwa ya rufaa.

Kosa la namna nyingine tunaliona kwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Wamesikia "usichanganye dawa na pombe", nao wanatii kwa namna yao: siku ya pombe wanaruka dawa. Harusi ya siku mbili, dozi mbili zimepotea. Mhudumu anapaswa kusema waziwazi kwamba hata ukinywa, meza dawa kwa saa yake. Baadhi ya washiriki hulikataa hili mwanzoni, wanaona ni kuhalalisha ulevi. Tunabishana, na siku nyingine mjadala unakula muda wa chai. Kwa mjamzito hakuna ubishi: hakuna kiwango cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni.

Usiri nao hauishi kwenye kiapo. Mhudumu ni jirani wa mteja, pengine ni shemeji yake, na pengine wanakutana kilabu kimoja. Mama mmoja mshiriki alituuliza afanyeje, maana mteja wake mkubwa wa mbege anayoipika ndiye mwenye alama 18, na mbege hiyo ndiyo ada ya shule ya wanawe. Hatukuwa na jibu la kitabuni. Tuliafikiana kwamba kaya ile aichukue mwenzake wa kitongoji hicho hicho, na yeye asiulize kilichozungumzwa. Tangu hapo tunawaomba washiriki waandike, kabla ya kurudi makwao, kaya ambazo hawawezi kuzihudumia kwa suala hili.

Mafunzo yenyewe ni siku chache, na siku chache hazitoshi kuvunja tabia ya kuhubiri. Kinachosaidia ni usimamizi wa baadaye: wahudumu watano au sita wanakutana zahanati mara moja kwa mwezi na muuguzi, kila mmoja anasimulia mazungumzo mamoja bila kutaja jina, na wenzake wanahesabu aliuliza mara ngapi na alishauri mara ngapi. Zahanati nyingi mkutano huo unakufa mwezi wa tatu, kwa kukosa nauli. Anayepanga bajeti ya mafunzo na kuiacha nauli hiyo afadhali apunguze siku za ukumbini, pamoja na zile fulana.

Katika mikutano hiyo swali linalorudi zaidi ni la mteja aliyeahidi akashindwa. Alisema Jumamosi na Jumapili tu, mhudumu anarudi baada ya wiki mbili na kumkuta Jumatano ananuka pombe, macho yako chini. Tunawafundisha waanze na salamu kama kawaida, wahesabu dawa kama kawaida, kisha waulize: "Baba, kati ya hizi siku 14, ipo hata moja uliyopita njia nyingine?" Mara nyingi ipo. Halafu wanauliza siku hiyo ilikuwaje.