Je, ni kweli wembe wa stenlesi haushiki makali?

Miongoni mwa wapenzi wa wembe wa kukunja, ule wa mpini unaonolewa upya makali yakipungua, kuna imani sugu: chuma cha kaboni ndicho cha kunyolea, stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi, ni ya vijiko. Ushahidi unaotolewa ni kwamba mafundi wakongwe wa Sheffield, mji wa Uingereza uliosifika kwa visu na nyembe, hawakuitaka.

Hawakuitaka kwa sababu haikuwapo. Nyembe zao zinazosifiwa sana ni za karne ya 19, na mtaalamu wa vyuma Harry Brearley aliyeyusha stenlesi yake pale pale Sheffield mwaka 1913. Nayo ilikuwa na kaboni kama asilimia 0.24 tu, kidogo mno kwa wembe. Chuma cha kaboni cha wembe wa kukunja kwa kawaida huwa na asilimia 1 au zaidi. Cha kuchekesha ni kwamba nyembe za kutupwa za dukani nyingi ni stenlesi yenye kromiamu ya asilimia 13 hivi. Wengi wanaoibeza hii stenlesi, basi, waliota ndevu wakinyolewa nayo.

Lakini malalamiko hayakuzuka hewani. Ili chuma kisishike kutu kinahitaji kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, na kromiamu ina tabia ya kuidaka kaboni na kufanya nayo chembe ngumu ziitwazo kabaidi. Chukulia zege. Ukimwaga nguzo nene, kokoto kubwa hazikusumbui, zinaiongezea nguvu. Ukitaka bamba jembamba kama kidole lenye ukingo mkali, kokoto zile zile zitatokeza pembeni, moja ikichomoka inaacha shimo, na hakuna fundi atakayeunyoosha ukingo huo. Dawa si kuacha zege, ni kutumia kokoto ndogo. Unene wa ncha ya makali ya wembe mzuri haufiki hata maikromita 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Chuma cha 440C, kinachopendwa kwa visu, kina kabaidi zinazoweza kuzidi maikromita 10. AEB-L, kilichobuniwa na kampuni ya Uddeholm ya Sweden mahususi kwa ajili ya nyembe, kina kabaidi ndogo sana, nyingi zikiwa chini ya maikromita 1. Vyote viwili ni stenlesi.

Jambo la pili ni kupoza. Kromiamu na kaboni zilizoyeyuka ndani ya chuma huchelewesha kukakamaa kwake, kiasi kwamba kikipoa hadi joto la chumbani bado kuna sehemu zilizobaki laini. Watengeneza visu Zwilling J. A. Henckels wa Solingen, Ujerumani, walilitatua hilo kwa kukigandisha chuma chini sana ya nyuzi sifuri, wakakiita Friodur, mwaka 1939. Nyembe za kale zenye chapa hiyo bado zinatafutwa na wanyoaji, na hazitafutwi kwa urembo. Ila neno “Rostfrei” au “Inox” ubapani, yaani “hakishiki kutu”, linaahidi hilo la kutu tu. Halisemi lolote kuhusu kabaidi wala namna chuma kilivyopozwa. Wembe mpya wa bei ya chini usiotaja aina ya chuma chake ni bahati nasibu.

Kisha kuna kinoo, na hapa ndipo stenlesi inaposingiziwa zaidi. Baadhi ya vinoo vya asili hukata kwa chembe za madini ya ganeti, ambazo ni laini kuliko kabaidi za kromiamu, hivyo kazi inakwenda pole mno na mtu anakata tamaa katikati. Tumia kinoo cha alumini oksidi au almasi: namba 1000 kuweka pembe, halafu 4000, 8000 na 12000 (namba ikikua, chembe za jiwe ni ndogo zaidi), mgongo na makali vikilala juu ya jiwe muda wote.

Tatizo kubwa ni uzi mwembamba wa chuma unaobaki ukingoni. Kwenye chuma cha kaboni hukatika upesi. Kwenye stenlesi hung'ang'ania, ukiusukuma huku unainamia kule. Unanyoa vizuri mara moja, kisha uzi unajikunja na wembe unaonekana “umekufa”. Kwa hiyo kwenye jiwe la mwisho badili upande kila mpito, makali yakitangulia, bila uzito wowote zaidi ya ule wa wembe wenyewe. Fuatisha mipito 10 kwenye ukanda uliopakwa kromiamu oksidi ya maikromita 0.5, halafu 50 kwenye ngozi tupu, safari hii mgongo ukitangulia.

Mwaka 2020 watafiti wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani walionyesha kuwa unywele, ulio laini kuliko chuma takriban mara 50, unaweza kumegua makali ya wembe, hasa unapoinama na pale ambapo chuma hakilingani ndani yake. Hiyo inaendana na hoja ya kabaidi, ingawa walipima nyembe za kutupwa, na kuhamishia matokeo kwenye wembe wa kukunja ni kukisia kidogo.

Na stenlesi nayo hushika kutu, hasa kwa chumvi ya hewa ya pwani: vijishimo vidogo huanzia kwenye msumari wa mpini, mahali ambapo taulo halifiki. Tone la mafuta hapo linatosha.