Katuni inapowacheka waandamanaji, kijembe kinamlenga nani?

Majuzi tulikuwa kwenye ukumbi wa kijamii mtaani Kaloleni, Nairobi, na vijana ishirini na kitu. Kazi yetu ni kuufundisha umma namna ya kutazama na kusoma vyombo vya habari, na somo la siku hiyo lilikuwa katuni za runinga. Tuliwaonyesha sehemu ya kipindi cha South Park kilichorushwa Marekani tarehe 2 Novemba 2011. Watoto wawili, Butters na Jimmy, wamesimama na mabango nje ya mkahawa wa Red Robin. Wako wawili tu. Lakini wanahabari wamejazana, kamera zimewazunguka, polisi wako macho, na watangazaji wanaripoti kana kwamba mji mzima umeinuka.

Ukumbi uliangua kicheko. Kwenye safu ya mbele alikaa binti mmoja ambaye Juni 2024 alikuwa barabara ya Kimathi kwenye maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, na bendera mgongoni na chupa ya maji ya kunawia macho. Alicheka na wenzake, halafu akanyamaza. Akainua mkono: "Mwalimu, kwani hawa walikuwa wanataka nini?"

Tulirudisha video nyuma tukatazama tena. Jibu halikuwamo.

Watu wa Mwambao wanajua kwamba kijembe hakitupwi hewani. Mwanamke akinunua leso kwa ajili ya jina, yaani msemo, ulioandikwa chini yake, akajifunga na kupita mbele ya mlango fulani, hahitaji kumtaja mtu. Aliyekusudiwa anajua, na majirani wanajua. Katuni ya siasa ni leso ya namna hiyo. Ndiyo maana kila inapogusa maandamano nawaomba watazamaji wachunguze imepita mbele ya mlango wa nani. Je, inalicheka dai lenyewe? Inawacheka wanaodai, au wanaodaiwa, au kamera zilizokuja kuwapiga picha? Vicheko hivyo vinne vinafanana masikioni, lakini kila kimoja kinafanya kazi yake.

Tuanze na hicho kipindi cha 2011. Vuguvugu la Occupy Wall Street lilikuwa limeanza tarehe 17 Septemba mwaka huo, watu walipopiga kambi katika bustani ya Zuccotti, New York, karibu na mtaa wa mabenki. Hasira yao ilikuwa na mzizi. Baada ya uchumi kuporomoka mwaka 2008, serikali ya Marekani iliidhinisha dola bilioni 700 za kuokoa taasisi za fedha, huku raia wa kawaida wakipoteza kazi na nyumba. Kauli mbiu yao ikawa "Sisi ni asilimia 99", wakimaanisha kwamba asilimia 1 ya watu, yaani matajiri, wameushika utajiri na serikali pamoja. Polisi waliivunja kambi ile tarehe 15 Novemba, karibu wiki mbili baada ya kipindi kurushwa.

South Park iliipeleka habari hiyo shuleni. Wanafunzi wanapimwa afya ya mwili, na shule yao inaburura mkia nchi nzima kwa sababu ya mtoto mmoja mnene, Cartman, aliyeangusha wastani wa wote. Wenzake wanaadhibiwa kwa mazoezi ya ziada. Wanapomkasirikia, Cartman analia kwamba yeye ni asilimia 1 na asilimia 99 wanamwonea. Hapo kijembe ni kikali na kimefika mlango wake: aliyesababisha hasara ndiye anayejifanya mwathiriwa. Sijaona hotuba ya mwanasiasa iliyoieleza tabia ya matajiri wa 2008 kwa ufupi kiasi hicho. Lakini ndani ya nusu saa hiyohiyo wako Butters na Jimmy nje ya mkahawa, na wanaochekwa hapo ni waandamanaji pamoja na wanahabari wao. Mtazamaji anaondoka akiwa amewacheka wote, na kwa hiyo hana sababu ya kumkasirikia yeyote.

Hilo linatokea kwa sababu tatu ninazoziona, na ya kwanza ni muda. Trey Parker na Matt Stone, walioanzisha kipindi hicho mwaka 1997, wamezoea kukitengeneza kwa takriban siku sita. Ni kasi ya ajabu katika fani ambayo kipindi kimoja kwa kawaida huchukua miezi. Inawawezesha kuzungumzia habari ikiwa bado moto. Lakini ndani ya siku sita unachopata ni picha ya habari: hema, ngoma, bango, polisi. Kifungu cha sheria ya benki hakina uso wala mavazi. Mwandamanaji anayo yote mawili, kwa hiyo ndiye anayechorwa.

Sababu ya pili ni ufundi. Kuchora umati ni kazi nzito, hivyo ni kawaida watengenezaji wa katuni kunakili na kurudia maumbo yaleyale nyuma ya wahusika wakuu. Ukitazama kwa makini umati wa katuni, utaona mdomo mmoja unafunguka kwenye nyuso kumi. Mhusika mkuu ana mama, ana woga, ana siri. Umati una sauti moja. Hata mchoraji mwenye nia njema anaweza kuingia mtego huo, na matokeo yake ni kwamba watu elfu waliotoka nyumbani kila mmoja na sababu yake wanageuka kundi la nyumbu.

Ya tatu inalihusu vuguvugu lenyewe, na haki ni kuisema. Occupy ilikataa kuandika orodha moja ya madai. Wenyewe walikuwa na hoja zao, lakini walimwachia mchekeshaji nafasi tupu, naye akaijaza.

Parker na Stone walikuwa wamekwisha kugusa maandamano mapema zaidi, katika kipindi chao cha 100. Kilirushwa tarehe 9 Aprili 2003, siku ileile sanamu ya Saddam Hussein ilipoangushwa Baghdad. Humo watoto wanajiunga na maandamano ya kupinga vita vya Iraki ili wakwepe masomo tu, na mwanahabari anapowauliza maswali wanakwama. Mji unagawanyika, na mwisho unaambiwa kwamba nchi inawahitaji wanaopigana na wanaopinga pia, maana kwa njia hiyo inaweza kuingia vitani huku ikionekana haitaki. Ni wazo zito, na kuhusu unafiki wa dola lina ukweli ndani yake. Ila mimi sikubaliani na namna linavyoweka pande mbili kwenye mizani moja. Aliyetuma jeshi na aliyebeba bango hawakuwa na nguvu sawa. Kejeli inayowagawia kicheko sawasawa imekwisha kumpendelea mwenye nguvu, hata kama mwandishi hakukusudia.

Sasa linganisha na katuni nyingine ya Marekani, The Simpsons, kipindi cha tarehe 11 Machi 1993. Wafanyakazi wa kiwanda cha nyuklia cha Bwana Burns wanakaribia kuibadilisha bima yao ya meno kwa pipa la bia. Homer, mmoja wa wafanyakazi hao na baba wa Lisa, ameketi mkutanini. Kichwani mwake sauti mbili zinapokezana: bima ya meno, Lisa anahitaji vyuma vya kunyoosha meno; bima ya meno, Lisa anahitaji vyuma. Zinarudi tena na tena mpaka mtazamaji ameshaelewa na Homer bado. Hatimaye linamwingia. Anasimama, anachaguliwa kuongoza chama, na mgomo unaanza.

Homer anachekwa kweli. Ni mzito wa kufahamu, na ushindi wake wakati mwingine unatokana na kutoelewa kwake, kwani Burns anachukulia upumbavu wake kuwa ujanja wa majadiliano. Wafanyakazi nao wanachekwa kwa tamaa ya bia. Hata hivyo hakuna anayemaliza kipindi hicho bila kujua wagomaji walitaka nini. Dai limefungwa kwenye mdomo wa mtoto. Burns anapouzimia mji umeme ili kuwavunja moyo, wanaimba gizani, na ndipo anaposalimu amri. Nikitafuta mfano wa kuwaonyesha vijana kwamba unaweza kuwacheka waandamanaji bila kulizika dai lao, sijapata unaoupita huo.

Hapa kwetu kejeli ya runinga ilichukua umbo jingine. Mwaka 2009 mchoraji Gado alituletea The XYZ Show, vikaragosi vya mpira vilivyofanana na viongozi, kwa mfano wa kipindi cha Ufaransa cha Les Guignols. Si katuni ya kuchorwa, lakini ni ndugu yake wa karibu. Kichwa cha kikaragosi kinachukua muda na gharama, kwa hiyo kinatengenezewa mtu atakayerudi wiki baada ya wiki: rais, waziri, mbunge. Ufundi wenyewe ulielekeza kijembe juu. Watu waliokua wakiambiwa kwamba sura ya rais ni ya kutazamwa ukutani kwenye fremu waliiona ikiumbuliwa sebuleni mwao, na jambo hilo lilikuwa na maana kubwa kwa nchi hii.

Lakini mwaka 2024 vijana walitoka wakisema hawana kiongozi, hawana kabila, hawana chama. Fundi wa vikaragosi angefinyanga kichwa cha nani? Vuguvugu la namna hiyo linaponyoka mikononi mwa kejeli ya zamani, na pia mikononi mwa watu waliozoea kumaliza maandamano kwa kumnunua kiongozi wake.

Tena vijana wale hawakungoja kuchekeshwa. Mabango yao yenyewe yalikuwa vibonzo. Nairobi ina historia hiyo. Tarehe 14 Mei 2013, wabunge walipotaka mishahara yao iongezwe, waandamanaji waliojiita Occupy Parliament, jina lililoazimwa kutoka New York, waliachilia nguruwe nje ya lango la Bunge na kumwaga damu barabarani. Ilikuwa katuni iliyopewa pumzi. Lengo lilikuwa dhahiri na dai lilikuwa moja, mishahara, na hata asiyejua kusoma alielewa. Wapo walioona ni ukatili kwa wanyama, na lawama hiyo ina uzito wake. Katika mwaka 2025 mkondo uligeuka kabisa: vijana wa Indonesia, Nepali na Madagaska walibeba bendera ya maharamia wa One Piece, katuni ya Kijapani, yenye fuvu lililovaa kofia ya majani makavu, na Wamalagasi wakalivika lile fuvu kofia ya kienyeji badala ya hiyo. Mchoro ulikuwa umeshuka kwenye skrini ukaingia barabarani.

Tofauti moja kati ya Nairobi na studio za California lazima isemwe waziwazi. Parker na Stone wakikosea, watalaumiwa magazetini. Hapa, Desemba 2024, kijana aliyekuwa akichora vivuli vya kumkejeli rais alitekwa nyara pamoja na wengine, na hakuonekana hadi Januari 2025. Ibara ya 33 ya Katiba yetu ya 2010 inalinda uhuru wa kujieleza na inautaja ubunifu wa kisanaa kwa jina. Ibara ya 37 inalinda haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Mipaka ya Ibara ya 33 imeandikwa: propaganda ya vita, uchochezi wa vurugu, matamshi ya chuki. Kumkera kiongozi hakumo kwenye orodha hiyo. Mzazi ambaye mwanawe anachora anafaa kuzijua ibara hizo mbili kama anavyojua namba ya simu ya nyumbani.

Tulipokuwa tukimaliza pale Kaloleni, niliwapa vijana zoezi. Chora onyesho moja kuhusu Juni 2024, lakini usichore mwandamanaji wala polisi. Chora dai. Walilalamika kidogo, na nilijua kwa nini. Moshi wa vitoa machozi ni rahisi kuchora. Mswada wa Fedha ulikuwa kurasa na kurasa za vifungu, na baadhi yake, kama ushuru wa asilimia 16 kwenye mkate, vilikuwa vimeondolewa hata kabla ya siku ile ya tarehe 25 watu walipoingia Bungeni. Kesho yake rais alikataa kuutia sahihi. Ukitaka kuichora hadithi hiyo, inabidi kwanza uielewe.

Yule binti wa safu ya mbele alichukua karibu saa nzima. Alichora meza ya jikoni, kikombe cha chai na mkate wa nusu kilo uliokwisha kukatwa. Mkono uliovaa suti na saa kubwa umeingia kupitia dirishani, umeshika kipande kimoja. Upande wa pili wa meza ameketi mtoto aliyevaa sare ya shule, anahesabu vipande vilivyobaki kwa kidole. Chini yake hakuandika kitu. Nilimuuliza kama angependa kuongeza maneno. Akautazama mchoro wake, akasema, "Apana mwalimu, huyo mtoto anahesabu. Mwache amalize."