Uzito wa sefu hauzuii wizi

Kuna ujumbe wa zamani unaozungushwa kwenye magrupu: eti sefu ya kilo 50 haihitaji kufungwa kwa bolti sakafuni au ukutani, uzito wake unatosha. Si kweli. Watu wawili huibeba, wakaivunje kwingine bila haraka. Wengi huchanganya ugumu wa kuinua na ugumu wa kuiba.

Tazama ndani ya sefu yako: nyingi huwa na matundu chini au mgongoni, yametobolewa kwa ajili ya bolti hizo. Kwenye zege, bolti za kupanuka (hutanuka ndani ya tundu zinapokazwa) za milimita 10 au 12 zinafaa. Hakikisha hakuna bomba wala waya, toboa, kisha toa vumbi lote. Likibaki, bolti huenda isishike sawasawa. Bolti kushika plasta ya ukuta peke yake haitoshi. Ukishakaza, itikise sefu: ikicheza, rudia.

Ukitumiwa ujumbe huo, usiusambaze.