Si Lazima Metal Ipigwe kwa Pikapu ya Betri

Kwa miaka mingi wapiga gitaa wameambiana kwamba metal, yaani roki nzito, haipigiki bila pikapu zenye betri ya volti 9. (Pikapu hapa ni kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, si gari.) Si kweli. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya metal ya Black Sabbath, alirekodi sehemu kubwa ya albamu yao ya kwanza, iliyotoka 1970, kwa gitaa la Gibson SG lenye pikapu aina ya P-90: koili (waya uliozungushwa) moja, bila betri.

Betri huendesha amplifaya ndogo iliyomo ndani ya pikapu. Koili zake hupewa mizunguko michache, ishara hutoka dhaifu, kisha hukuzwa. Faida kubwa ni kupungua kwa mvumo wa umeme. Ule mkwaruzo mzito hutoka kwenye amplifaya ya nje au pedali, kwa hiyo hambaka ya kawaida, ambayo koili zake mbili hufutiana mvumo, inatosha kabisa.

Kwa gitaa la bei ya kati, mimi ningeangalia kwanza urefu wa nyuzi, yaani sehemu inayotetema kati ya ncha zake mbili. Ukishusha uzi mnene hadi noti ya C, kwenye inchi 24.75 hulegea na kuyumba zaidi kuliko kwenye 25.5. Kisha uvute kwa nguvu, uachie, usikilize kama tuni imehama. Pikapu utabadilisha baadaye kwa bisibisi na pasi ya kulehemu.