Chumvi kwanza, rangi baadaye: kutunza mabaki ya ndege za kivita Dar es Salaam

Kipande cha ndege ya kivita kikiletwa mezani hapa Dar, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni chumvi. Mabonde, mikwaruzo na rangi iliyobabuka vinaweza kungoja miaka. Chumvi ya upepo wa bahari haingoji: inaendelea kula chini ya rangi na ndani ya maungio hata kipande kikiwa kimefungiwa kabatini.

Sababu iko kwenye metali yenyewe. Bati la ndege nyingi za kuanzia Vita Kuu ya Pili si alumini tupu. Aloi (mchanganyiko wa metali) namba 2024, kwa mfano, ina shaba karibu asilimia 4. Shaba hiyo ndiyo inayoipa nguvu, na ndiyo inayoiponza, kwa sababu penye unyevu wenye chumvi alumini ndiyo inayoliwa, shaba ikabaki. Watengenezaji wakaifunika kwa utando wa alumini safi pande zote mbili. Kwenye bati la milimita 1, utando huo ni kama milimita 0.05 tu. Fundi akipitisha msasa au mashine ya kung'arishia, ameuondoa, na masika ijayo madoa meupe yatatokea mahali palepale palipong'aa. Kwa hiyo sikubaliani kabisa na desturi ya kung'arisha ndege ya maonyesho.

Kabla ya maji, piga picha pande zote, na kila herufi, namba na muhuri karibu, ukiweka rula pembeni. Namba ndogo iliyopigwa kwenye kibati mara nyingi ndiyo njia pekee ya kujua kipande kilitoka ndege gani.

Kisha osha. Usitumie maji ya kisima. Visima vingi vya mitaa ya karibu na pwani vina chumvi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri yanafaa. Sabuni iwe ya maji ya kuoshea vyombo, matone machache kwa ndoo, na brashi laini. Sabuni ya unga na magadi viache kabisa: kwa kipimo cha pH, kinachoonyesha ukali wa asidi au magadi, alumini hustahimili takriban 4 hadi 8.5, na hivyo vinapita juu ya hapo. Suuza mwisho kwa maji ya betri, yale ya kuongezea, si asidi. Pima maji yanayochuruzika kwa mita ya TDS, kile kifaa kidogo cha wauza maji ya kunywa kinachopima chumvi na madini yaliyoyeyuka. Yakisoma sawa na maji uliyomimina, chumvi ya juu imekwisha. Yakisoma zaidi, rudia. Maungio ya ribiti ndiyo yanayochelewa, kwa hiyo elekeza maji hapo na kuyaacha yapenye.

Kipande kilichonaswa na nyavu baharini kina kanuni yake: kisikauke. Chumvi ikikauka ndani hutengeneza fuwele na kupasua tabaka. Kiweke majini mara moja. Dornier Do 17, ndege ya mabomu ya Kijerumani iliyoinuliwa baharini Goodwin Sands, Uingereza, Juni 2013, ilinyunyiziwa maji yenye asidi hafifu ya sitriki (asidi ya ndimu) kwa muda mrefu kwenye makumbusho ya Cosford kabla ya kuachwa ikauke. Kazi ya namna hiyo inahitaji kipimo cha pH kila siku. Kukisia kwa ndimu hakutoshi.

Maungio yanahitaji jicho. Bati likiwa limevimba kati ya ribiti na ribiti, unga wa kutu nyeupe umejaa chini yake, maana unga huo unachukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa. Kwenye mihimili ya aloi namba 7075 tabaka huachana kama chapati. Hapo usigonge kurudisha. Kama lazima kufungua, toboa kichwa cha ribiti tu, kwa keekee isiyozidi unene wa mwili wake, kisha kigonge kichwa pembeni na usukume mwili utoke. Ukipitiliza unapanua tundu, na tundu lililopanuka halirudi. Kutu ondoa kwa kijiti cha mbao au plastiki na brashi ya nailoni. Brashi ya waya wa chuma huacha chembe za chuma zinazoanzisha kutu mpya.

Rangi ya chini ya kijani-njano mara nyingi ni kromati ya zinki. Vumbi lake husababisha saratani. Usiikwangue kavu, iache, maana bado inakinga, na ni ushahidi wa kiwandani.

Vifuniko vya injini na magurudumu mengi ni magnesi. Hivyo visiloweshwe. Futa, kausha, weka pakavu, na usivisage karibu na moto: chembe za magnesi zikiwaka, maji huzidisha.

Kwa uhifadhi, vipande vidogo viwe kwenye boksi la plastiki lisilopitisha hewa, na silika jeli (chembe za kunyonya unyevu) iliyokaushwa na kipima unyevu. Lenga chini ya asilimia 50. Ndege nzima haiwezi kufikia hapo Dar. Ipe paa refu, hewa ipite, fungua matundu ya kutolea maji chini ya bodi na uondoe majani. Kuifunika turubai la plastiki ni kuifungia jasho lake. Magurudumu yainuliwe kwa stendi, na kati ya stendi ya chuma na alumini weka nailoni au plastiki nene.

Haya yote ni ya ndege za metali. Ndege zilizoruka kutoka Mafia mwaka 1915 kuelekeza mizinga ya manowari za Kiingereza Severn na Mersey dhidi ya manowari ya Kijerumani Königsberg kule Rufiji zilikuwa fremu zilizovikwa kitambaa na kukazwa kwa waya, na kitambaa hicho kisiguswe na maji.

Saa za vipimo za chumba cha rubani zina hatari ya pekee. Rangi iliyowahi kung'aa gizani huweza kuwa na radiamu, metali inayotoa mionzi. Imefifia, lakini mionzi iko palepale. Nusu maisha ya radiamu, yaani muda wa kupungua kwa nusu, ni takriban miaka 1,600. Usifungue kioo, usikwangue. Weka saa kwenye mfuko uliofungwa wenye lebo, mbali na watu, na uwasiliane na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania kabla ya kuihamisha. Na kiti cha rubani cha kujirusha kisiguswe hata kidogo hadi wataalamu wa baruti wa jeshi wathibitishe kuwa katriji zake zimetolewa.