Mpira wa kamera tumboni: ya barazani na ukweli wake

"Kipimo kile kinatoboa utumbo." Maneno haya, juu ya mpira mwembamba wenye kamera unaoingizwa kwa njia ya haja kubwa kutazama utumbo mpana (kolonoskopi), nimeyasikia barazani Wete, na ndiyo yaliyomfanya ami yangu atafute visingizio mwaka mzima, huku akitoka damu chooni na kuiita bawasiri.

Kutoboka hutokea, lakini kwa kipimo cha kutazama tu ni chini ya mtu 1 kati ya 1,000. Maumivu, ambayo nayo watu huyaogopa, yana chanzo kingine. Utumbo mpana wa mtu mzima una kama mita 1.5, umejikunja, na sehemu zake nyingine zinaning'inia bila kushikizwa vizuri. Mpira ukisukumwa hapo hufanya kitanzi, kama kamba ya ngalawa inayosukumwa badala ya kuvutwa. Kitanzi kinauvuta utumbo na mishikizo yake, hapo mgonjwa anaguna. Daktari hodari hurudisha nyuma, huzungusha, na utumbo hujikusanya juu ya mpira mithili ya mkono wa kanzu uliokunjwa. Ukishanyooka, sentimita 70 hadi 80 zinatosha kufika mwisho wa safari.

Tabu ni kuwa kamera huonyesha kuta za utumbo tu, haionyeshi mpira wenyewe umelalaje. Ndiyo maana ukatengenezwa mtambo wa picha: koili ndogo (nyaya zilizozungushwa) ndani ya mpira hutoa nguvu ya sumaku, kipokezi kando ya kitanda huinasa, na umbo zima la mpira huchorwa kwenye skrini. Kitanzi kikianza tu kinaonekana, na muuguzi anajua akandamize tumbo wapi.

"Hiyo si eksirei?" Hapana. Eksirei ilitumika zamani kwa kazi hiyo. Sumaku haina mionzi. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, lakini, amwambie daktari mapema.

Wala mtambo hauoni vinundu, yaani vijinyama vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo. Huonyesha njia. Vinundu huonekana kwa kamera mpira unapotolewa taratibu, angalau dakika 6, na utumbo ukiwa safi. Aliyekula urojo usiku wa kuamkia kipimo, au akanywa nusu ya dawa ya kuharisha, amejizibia mwenyewe.

Si kila hospitali inao mtambo huo, na daktari mzoefu huweza kuuongoza mpira bila huo. Muulizeni.

Ami alikubali hatimaye. Walimkuta na vinundu viwili, vya aina ambayo huchukua miaka mingi kugeuka saratani, wakavikata palepale. Aliporudi alilala hadi alasiri, akaamka akaomba chai ya tangawizi.