Madoa yametoweka, lakini samaki hajapona: maswali na majibu kuhusu mlipuko wa ugonjwa kwenye tangi la maji chumvi

Madoa meupe ni ugonjwa gani?
Ni kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans. Utaona punje kama za chumvi kwenye mapezi na ubavuni, na samaki atajikuna kwenye mawe.

Nilikuwa nayaona, ila baada ya siku nne yameisha yenyewe. Samaki amepona?
Hapana. Hili ndilo swali ninaloulizwa kila mara, na jibu halijawahi kubadilika: hapana, hajapona. Kimelea hula mwilini mwa samaki siku 3 hadi 7, kikishiba hujibandua, huzama mchangani na kujifunika ganda gumu. Humo ndani hujigawa, na ganda moja likipasuka linaweza kumwaga vimelea vichanga zaidi ya mia moja. Kwa hiyo siku unayofurahia kuona ngozi safi ndiyo siku ugonjwa unapozaliana. Mara ya kwanza ulihesabu madoa matano; mara ya pili hutaweza kuhesabu.

Lakini amerudi kula vizuri kabisa.
Anakula, na bado ni mgonjwa. Wiki mbili baadaye mfugaji huyohuyo hunijia na samaki wake, kangaja, ndani ya mfuko, matamvua yakipiga mbiombio, naye ananiambia ugonjwa "umeanza jana". Haukuanza jana. Ulianza siku ile madoa yalipoonekana, na siku zile ambazo samaki alikuwa na nguvu za kustahimili dawa zilipita bure. Tafadhali, usisubiri duru ya pili.

Nitajuaje kwamba si tatizo la maji tu?
Pima maji kabla ya kushika dawa yoyote. Amonia na nitriti zinatakiwa zisomeke sifuri. Zikiwa juu, samaki atahema kama mgonjwa, na dawa itamwongezea mateso bure. Badilisha sehemu ya maji kwanza. Maji yakiwa safi na samaki bado anahema, zima taa ya tangi, mulika tochi kwa ubavu wake. Ukiona vumbi laini la rangi ya dhahabu, dogo kuliko punje za chumvi, hicho ni kimelea kingine, Amyloodinium. Mara nyingi samaki mwenye kimelea hiki hujipanga mbele ya mkondo wa pampu na kuikimbia taa. Hapo usiseme utaangalia wikendi. Ugonjwa huu unaweza kumaliza tangi zima kwa siku chache, tena wengine hufa ngozi ikiwa safi kwa sababu kimelea kimeanzia kwenye matamvua.

Nimwage dawa ya shaba humohumo tangini?
Usifanye hivyo kamwe. Shaba huua matumbawe, konokono na kamba, na mawe huinyonya kisha yakaitoa polepole baadaye. Hamisha samaki wote, hata wasio na doa, uwaweke kwenye tangi tupu la matibabu lenye hita, kichujio na kipande cha bomba cha kujificha. Shaba ya kawaida hushikiliwa kwenye miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, kwa wiki tatu au zaidi, ukipima kila siku. Shaba zilizotengenezwa kwa namna nyingine zina vipimo vyake, soma chupa. Nawaona wengi wanaotia "kwa kukadiria": pungufu haiui kimelea, ikizidi inaua samaki. Na msiache dawa siku ya tano kwa kuwa madoa yameisha! Mmeshasikia yanakokwenda.

Kitunguu saumu kwenye chakula, je?
Kinaweza kumpa samaki hamu ya kula. Kimelea hakikiondoi.

Kupunguza chumvi?
Kwa madoa meupe, ndiyo: uzito mahususi wa maji (uzito wake ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi) 1.009 kwa wiki nne, katika tangi la matibabu, kwa kipimo kinachoaminika. Kwa Amyloodinium hakusaidii, ndiyo maana nasisitiza tochi.

Tangi kuu nalifanyaje?
Liache bila samaki hata mmoja kwa siku 76, pampu na hita zikiendelea. Matumbawe na konokono wabaki. Hawaugui, ingawa maganda ya kimelea yanaweza kushikamana na gamba la konokono, na ndiyo sababu konokono mpya naye hutengwa. Nyavu na ndoo za tangi la matibabu zisiguse tangi kuu, na mkono uliolowa usitoke huku ukaingia kule.

Siku ya 50 nilitia samaki mmoja tu, mdogo, anaonekana mzima.
Mtoe leo, umpeleke kwenye matibabu, kisha anza kuhesabu upya kutoka siku ya kwanza.